Bonyeza Tisa

Newala, mwezi wa sita. Ukungu umekaa barazani
kama mgeni asiyetaka kusema shida yake.
Nimevaa koti la Bi Marlini, na watoto wa jirani wananicheka:
koti la theluji juu ya khanga!
Mfukoni bado mna risiti ya duka la dawa la Toledo,
maandishi yamefutika, imebaki bei tu.

Huku naitwa Mmarekani.
Jogoo wa elfu kumi na tano kwangu ni elfu thelathini.
Kule niliitwa Mwafrika, na waliouliza ni wapi hasa,
nikitaja Newala walisubiri nitaje kitu kingine.
Karibu na Kilimanjaro?
Mwaka wa kwanza niliwachorea ramani kwenye karatasi za kufutia mikono.
Mwaka wa nne nikasema ndiyo, ni pale pale,
nikifungua dirisha nauona.
Mungu anisamehe. Sijauona mpaka leo.

Kazi yangu ilikuwa mgongo wa mtu.
Ukifika unapigia kampuni: bonyeza moja, umeingia.
Ukiondoka, bonyeza tisa.
Kati ya moja na tisa kila kitu kililipwa,
kumgeuza, kumkausha katikati ya vidole,
kumsikiliza akimteta mwanawe wa Arizona
aliyetuma maua kila mwaka
na kadi yenye mwandiko wa muuza maua.
Baada ya tisa sijui kiliitwaje.
Mara nyingi nilibonyeza tisa, nikarudi kukaa.
Tulimenya machungwa. Kwa lugha yetu alijua neno moja, pole,
akalitumia popote: pole mvua, pole chai,
pole Somoe, kesho uje.

Simu ya msiba ilinikuta nimeshabonyeza moja.
Nikamwosha Bi Marlini kwa maji ya vuguvugu
kuanzia shingoni, kama siku zote,
na huku, alasiri ileile,
Asumini Mtopwa alikuwa anamwosha mama yangu mara ya mwisho
kwa maji ya kununua, ndoo kwa ndoo.
Usiku niliandika daftarini:
leo nimeshika mgongo usio wangu.
Mstari huo nimeusoma tena juzi.
Sina hakika nao.

Nimerudi na bahasha.
Miaka mitatu mama alilala, na kila asubuhi Asumini alivuka uchochoro.
Nilipiga hesabu kwa bei ya saa ya Toledo,
nikaona haya, nikapunguza,
nikaona haya kwa kupunguza, nikarudishia.
Njiani nilijiandalia na hotuba,
maana nilijua atakataa, atasema sisi hatulipani kwa haya,
nami nitalia, nitasema ndiyo maana nimerudi.

Nilimkuta anabangua korosho za akiba,
vidole vimebabuka kwa mafuta ya maganda.
Hakukataa.
Aliisukuma bahasha chini ya ungo bila kuifungua.
"Nitaezeka," alisema. "Bati la jikoni limetoboka."
Hotuba ikanikwama kooni kama mwiba wa samaki.

Kisha akauliza, macho yakiwa kwenye kijiwe chake:
"Na yule wako? Sasa anaoshwa na nani?"

Nikamweleza habari ya notisi.
Kwamba unaandika barua, wiki mbili,
kampuni inatafuta mwingine.
Kwamba ndivyo inavyofanyika, na hakuna aliyekosewa.
"Mwingine nani?"
Sikumwona. Zamu zetu hazikukutana.
"Neno lile la pole analijua?"

Asumini hakungoja jibu. Akagonga.
Punje ikapasuka vipande viwili,
na yenye ufa ghalani haichukuliwi,
akanipa kimoja, kingine akatafuna yeye.
Kilikuwa cha moto bado.
Nikakila nikiwa na koti langu mwilini,
simu mkononi, nikihesabu saa nyuma kwa vidole.
Kule kulikuwa hakujapambazuka.